Majalada arobaini mezani: nilivyojifunza kupanga kazi za ofisini bila kuongeza saa

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba niweke hapa jambo ambalo lilinichukua miaka kadhaa kulielewa, kwa sababu naona mada za matumizi ya muda kazini huishia kwenye ushauri ule ule wa kuamka saa kumi alfajiri, kuweka simu mbali na kuandika orodha ya kazi za siku. Nimeyafanya yote matatu. Niliamka saa kumi, nikaandika orodha, simu nikaifungia kwenye mtoto wa meza, na jioni nikatoka ofisini nimechoka kuliko mwenzangu wa meza ya pili, ambaye aliingia saa moja na nusu kama kawaida, akaondoka saa tisa na nusu, na kazi zake zilikuwa zimekwisha.

Mimi ni mhasibu. Wakati ninaousimulia nilikuwa katika kitengo cha malipo cha ofisi moja ya umma, wilayani, na kazi yangu ilikuwa kukagua hati za malipo kabla hazijapanda kwa mkuu wa kitengo. Kwa wasioifahamu kazi hiyo, hati moja huja na viambatanisho vyake: dokezo lililoidhinishwa, ankara ya mzabuni, hati ya kupokelea bidhaa, risiti ya mashine ya kielektroniki, na wakati mwingine mkataba mzima. Kikikosekana kimoja hati haitakiwi kwenda mbele, na ikipenya, mkaguzi ataikuta na itarudi mwakani ikiitwa hoja ya ukaguzi, yaani dosari inayotakiwa kujibiwa. Kwa hiyo kazi yenyewe si nzito, ila inataka akili iliyotulia, maana kosa lake halionekani siku unapolifanya.

Mezani pangu hapakuwahi kupungua hati na majalada arobaini. Nilikuwa naanza hati ya kwanza, nafika katikati, afisa ugavi anaingia kuuliza ya kwake, naiacha ya kwanza nafungua ya kwake ili nimwonyeshe kwamba inashughulikiwa, simu inaita, mwalimu aliyetoka kata ya mbali anasimama mlangoni akifuatilia nauli yake ya likizo, naye ametumia nauli nyingine kuja kuifuatilia hiyo. Ninaporudi kwenye hati ya kwanza sikumbuki kama nilikwisha kulinganisha kiasi cha ankara na kile cha mkataba, kwa hiyo naanza upya. Hati ya dakika kumi na tano niliisoma mara tatu au nne kwa siku mbili. Methali husema mshika mbili moja humponyoka, nami nilikuwa nimeshika arobaini nikajiona mchapakazi.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja wa masijala, yaani chumba kinachotunza majalada ya ofisi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Siku moja nilimfuata kuulizia jalada, akafungua daftari lake la uhamisho wa majalada na kunionyesha kwamba jalada hilo liko kwangu tangu wiki tatu zilizopita. “Mwanangu,” akasema, “wewe ukija hapa unachukua, hurudishi. Meza yako imekuwa masijala ya pili, na mimi niliyeajiriwa kutunza masijala sijui kilichomo.”

Kisha akanifundisha utaratibu ambao watumishi wa zamani wanaujua vizuri, ila sisi tulioajiriwa baada ya kompyuta hatukuurithi. Jalada ambalo huwezi kulimalizia leo, kwa sababu unasubiri majibu ya mtu au kwa sababu zamu yake haijafika, hulikalii. Unaandika maelekezo kwenye folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho iliyomo ndani ya jalada, kwamba lirudishwe kwako tarehe fulani, unalipeleka masijala, na mtunza masijala anaandika namba yake kwenye daftari la tarehe, ukurasa wa tarehe hiyo. Asubuhi ya siku hiyo mhudumu analileta mezani pako bila wewe kulikumbuka. Daftari ndilo linalokumbuka. Kazi ya kichwa chako ni kufikiri juu ya jalada lililo mbele yako.

Nilimtii kwa shingo upande. Tulikubaliana nisiwe na majalada zaidi ya matano mezani kwa wakati mmoja, na kwamba nikitaka la sita sharti nirudishe moja, likiwa limekamilika au likiwa na tarehe ya kurudi. Kwanza nilifanya kazi Jumamosi mbili mfululizo kupunguza mrundikano, na hapo nikagundua kwamba karibu theluthi ya yale arobaini hayakuwa yakinisubiri mimi hata kidogo. Yalikuwa yanasubiri kiambatanisho kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anasubiriwa.

Baadaye nikiwa masomoni nilikutana na hesabu iliyonieleza kilichokuwa kikitokea. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ya foleni ambayo leo hufundishwa kwa wahandisi na wasimamizi wa viwanda. Kwa lugha ya kawaida, wastani wa vitu vilivyomo ndani ya foleni ni sawa na idadi inayoingia kwa siku ikizidishwa kwa siku ambazo kila kimoja hukaa humo. Tuseme zinaingia hati nane kwa siku na zinatoka nane. Ukiwa na arobaini mezani, kila hati itakaa kwako kwa wastani wa siku tano za kazi. Ukiwa na kumi na sita, itakaa siku mbili. Mikono ni ile ile, hati nane kwa siku ni zile zile, lakini mzabuni wa kwanza anakupigia simu mara tatu kabla hajalipwa na wa pili hakupigii kabisa. Na kila simu anayokupigia inakula dakika ambazo ungezitumia kumlipa.

Jambo la pili lililonisaidia ni dakika tisini za kwanza za siku ya kazi. Ofisi yetu ilifunguliwa saa moja na nusu, ilhali wageni wengi, hasa wanaotoka vijijini, walianza kufika kuanzia saa tatu, gari la asubuhi likishaingia stendi. Zamani muda ule niliutumia kusalimiana, kufungua barua pepe na kupanga majalada. Nikaugeuza kuwa muda wa hati ngumu kuliko zote, ile yenye mkataba wa kurasa themanini na malipo ya awamu. Nyepesi niliziachia baada ya chai ya saa nne, kwa sababu hati nyepesi inavumilia kukatizwa.

Sikusudii kusema kwamba kila mtu awe na majalada matano. Nimeileta mada hii nione wenzangu wa kazi nyingine wanaipokeaje, na kama kuna mahali ninakosea.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru kwa mada iliyotulia, lakini kuna mahali hesabu yako inapendelea upande wako. Kanuni ya Little haijali kama hati iko mezani au iko rafuni masijala. Kama arobaini zimeingia ofisini na hazijalipwa, basi arobaini bado zimo kwenye foleni, na mzabuni anayesubiri hana faraja yoyote kwa sababu hati yake imehamishwa kutoka meza yako kwenda kwenye rafu ya mama wa masijala. Umehamisha foleni, hukuifupisha. Ninafanya kazi bandarini na nimeona mchezo huu mara nyingi: mtu anaonyesha eneo lake likiwa safi kwa sababu mzigo ameusukuma kwa jirani.

Mleta mada

Umenishika mahali penye ukweli, ndugu, na ninakubali sehemu kubwa ya hoja yako. Ukihesabu tangu hati inapoingia mlango wa ofisi, kuihamisha peke yake hakumsaidii mzabuni. Zile Jumamosi mbili ndizo zilizofupisha foleni. Bila hizo ningekuwa nimepanga vizuri mrundikano ule ule.

Ila mimi nilipata faida katika mambo ambayo hesabu ya foleni peke yake haiyaonyeshi. La kwanza ni kusoma upya. Nilipokuwa na matano tu sikuwa na jalada la kukimbilia, kwa hiyo nililolianza nililimaliza, na ule muda wa kurudia mara tatu ukarudi kuwa muda wa kazi. Maana yake idadi inayotoka kwa siku iliongezeka, na hapo foleni inafupika kwa haki, hata kwa kipimo chako. La pili ni jibu kwa mteja. Zamani akiuliza nilimwambia “inashughulikiwa”, jibu ambalo humlazimu arudi kesho. Baada ya utaratibu wa tarehe niliweza kumwambia kwamba jalada lake litakuwa mbele yangu Alhamisi na kwamba hadi sasa inakosekana hati ya kupokelea bidhaa. Alikwenda kuitafuta badala ya kukaa kwenye benchi letu.

Kuhusu kukatizwa, wako watafiti waliolipima jambo hili. Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 juu ya hali ya mawazo kubaki nyuma: mtu anapoacha kazi moja haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake inaendelea kung’ang’ania ile ya kwanza, na ya pili anaifanya vibaya zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walitoa matokeo yaliyonishangaza, kwamba watu waliokatizwa walimaliza kazi zao haraka zaidi, si taratibu zaidi, lakini kwa gharama ya msongo, hasira na kuhisi wanabanwa na muda. Nilijitambua humo. Sikuwa mzembe. Nilikuwa nakimbia siku nzima ili nifidie kila mlango uliofunguliwa, na nilifika nyumbani sina maneno ya kuongea na watu wangu.

Mchangiaji wa pili

Samahani, kaka, mimi ni mfamasia katika hospitali, na nasoma mada yako nikitamani kucheka. Wewe unaweza kurudisha jalada masijala. Mimi nikae dirishani nimwambie mama mwenye mtoto anayechemka homa kwamba arudi Alhamisi? Kukatizwa ndiyo kazi yangu. Lakini nina kazi nyingine isiyotaka kukatizwa, nayo ni leja na taarifa ya kuagiza dawa inayokwenda Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa hospitalini. Nikikosea hesabu ya matumizi ya kipindi kilichopita, tutaletewa pungufu, na upungufu huo utaonekana dirishani miezi michache baadaye. Taarifa hiyo nimekuwa nikiiandika usiku nyumbani. Ushauri wenu kwa watu kama sisi ni upi?

Mchangiaji wa tatu

Dada mfamasia, naomba nikujibu mimi, kwa sababu nimesimamia wodi kwa muda mrefu na tatizo lako nalijua. Mtu mmoja hawezi kuwa dirishani na kwenye leja kwa wakati mmoja, na hakuna mbinu ya kupanga muda itakayobadilisha hilo. Lakini watu wawili wanaweza kugawana. Kosa tunalofanya ni kwamba wote wawili tunasimama dirishani foleni ikiwa ndefu, na wote wawili tunakwenda kwenye leja foleni ikiisha, kisha mgonjwa mmoja akitokea wote wawili tunainuka.

Sisi tulikubaliana kwamba kila asubuhi mmoja ni wa mbele na mwingine ni wa nyuma, na baada ya chakula cha mchana tunabadilishana. Wa nyuma haitwi isipokuwa kwa mgonjwa mahututi au kwa jambo ambalo wa mbele hana mamlaka nalo. Mwanzoni wa mbele analalamika kwamba ameachwa peke yake, na ni kweli ameachwa. Lakini jioni zamu yake ya nyuma ikifika anaelewa. Kama uko peke yako kwenye kituo kizima, hilo ni suala la ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, na linapaswa kuandikwa kwa mganga mfawidhi kwa lugha ya ikama. Ukilificha kwa kufanya kazi usiku nyumbani, hakuna atakayejua kwamba nafasi ya pili inahitajika.

Mchangiaji wa pili

Hilo la mwisho limenigusa. Sijawahi kuandika. Tuko wawili, na kwa hakika wote wawili huwa tunainuka.

Mchangiaji wa nne

Mimi naandika kutoka upande wa pili wa meza, yaani upande wa wanaolaumiwa. Ni mkuu wa kitengo katika kampuni binafsi Dar es Salaam. Nilikuwa na tabia ya kutuma maagizo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi saa nne usiku, kwa sababu ndio muda ninaopata utulivu baada ya foleni ya magari na watoto kulala. Niliamini ninawasaidia, na kila mara niliandika chini kwamba jambo hili ni la kesho. Siku moja niligundua kwamba vijana wawili walikuwa wananijibu ndani ya dakika tano, kila usiku, na mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Sikuwaomba wajibu, lakini bosi akizungumza usiku hakuna anayeamini kwamba hasubiri jibu.

Sasa naandika usiku ule ule, ila kwenye daftari, na natuma saa mbili asubuhi. Nusu ya maagizo huwa nimeyafuta mwenyewe kabla sijayatuma.

Niongeze na jambo la sheria, kwa kuwa katika mijadala hii watu husifiana kwa kutoka ofisini saa mbili usiku. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi tisa kwa siku na arobaini na tano kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazitakiwi kuzidi hamsini katika kila majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika sitini. Mimi kama msimamizi nilipoanza kuhesabu saa za ziada za timu yangu kwa kalamu, badala ya kuzichukulia kama moyo wa kujituma, niliona ni kazi zipi hazikuwa na ulazima. Ripoti moja ya wiki iliyokuwa inakula Ijumaa nzima ya mtu, nilipouliza anayeisoma, hakupatikana.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu wa kitengo amegusa kitu ambacho Mwingereza Cyril Northcote Parkinson alikiandika kwa dhihaka kwenye jarida la The Economist mwaka 1955, kwamba kazi hutanuka hadi kuujaza muda uliotengewa. Watu huichukulia kanuni hiyo kama mbinu ya kujiwekea tarehe za karibu za kumaliza kazi, lakini yeye alikuwa anawacheka watendaji wa serikali ambao idadi yao iliongezeka bila kujali kama kazi imeongezeka au imepungua. Ripoti ya Ijumaa isiyo na msomaji ingemfurahisha sana.

Mleta mada

Kwetu kutanuka huko kulikuwa na tarehe rasmi, tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Madai ambayo yangeweza kuletwa Februari yaliingia wiki mbili za mwisho, yote yakiwa na neno “haraka” juu. Nilijaribu kuwabembeleza wakuu wa idara, haikusaidia. Kilichosaidia kidogo ni kuandika barua Machi ikitaja kwa namba kila dai ambalo tulikuwa na mkataba wake lakini hatujaona ankara yake. Mtu akitajiwa namba ya mkataba wake hushtuka kuliko akiambiwa awahi.

Mchangiaji wa tano

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi hutengeneza programu za kompyuta kwa wateja wa nje, na tatizo langu halimo katika kukatizwa, kwa maana nafanya kazi nyumbani peke yangu. Tatizo langu ni makadirio. Namwambia mteja siku kumi, inakuwa ishirini. Kila mara kuna sababu yake maalumu: umeme, homa, mteja kubadili mawazo. Nikijumlisha hizo sababu maalumu kwa mwaka mzima, naona hakuna kazi iliyowahi kukosa moja.

Nilisoma juu ya utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994, ambapo wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada walioandika tasnifu zao waliulizwa watamaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Wakaulizwa tena, je, mambo yote yakienda vibaya kadiri yanavyoweza? Wakasema siku 48.6. Kwa wastani ilichukua siku 55.5. Hata walipojilazimisha kufikiria mabaya yote hawakuufikia ukweli. Basi siku hizi sijiulizi kazi hii itachukua siku ngapi, najiuliza kazi tatu zilizofanana na hii zilichukua siku ngapi, na nina daftari la kunijibu. Kupata mteja kumekuwa kugumu zaidi kwa sababu washindani wangu bado wanaahidi siku kumi, ila kwa walionibakia sijapoteza hata mmoja.

Swali langu kwa mleta mada: ile mbinu ya dakika 25, ya saa ya nyanya, umeijaribu?

Mleta mada

Nimeijaribu. Kwa wasioijua, kijana wa Kiitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujipimia dakika 25 za kusoma bila kuacha, kisha akapumzika dakika tano. Kwa kuandika ripoti na kwa kusuluhisha hesabu za benki ni nzuri. Kwa ofisi yenye mlango wazi ni mzaha, maana mwalimu aliyetoka kata ya mbali hatasubiri nyanya yako ilie.

Kilichonifaa zaidi kuliko saa ni karatasi ndogo. Mtu anapoingia nami nikiwa katikati ya hati, kabla sijainua macho kumsikiliza, naandika mstari mmoja: nimeishia kulinganisha awamu ya pili, kinachofuata ni kodi ya zuio. Inachukua sekunde kumi, na aliyesimama mbele yako haoni kwamba umemdharau, anaona unamalizia kuandika. Baadaye nilikuta kwamba Leroy niliyemtaja, pamoja na Theresa Glomb, waliandika mwaka 2018 juu ya jambo linalokaribia sana hilo, yaani kupanga kwa kifupi namna utakavyoirudia kazi kabla hujaiacha, na kwamba kunapunguza yale mawazo yanayobaki nyuma. Mimi nilijifunza kwa kumwona mama wa masijala: hakuwahi kuinuka kitini bila kuacha kalamu juu ya mstari aliokuwa anausoma.

Mchangiaji wa sita

Naomba nichangie kuhusu vikao, kwa kuwa hakuna aliyevigusa na ndivyo vinavyokula siku zetu kwenye mashirika ya maendeleo. Kuna upotevu mmoja ambao ni wetu wenyewe wasemaji wa Kiswahili, nao ni saa. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, simu zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu anaandika kwenye kundi “kikao saa 3:00”, nusu ya watu wanaelewa asubuhi, nusu wanaangalia kalenda ya simu na kuelewa alasiri. Nimewahi kukaa chumbani na watu wanne kuanzia saa tatu asubuhi tukimlaani mwenyekiti kwa kuchelewa, kumbe yeye anatutegemea saa tisa. Ukiongeza wenzetu wa Kigali na Bujumbura ambao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, unapata kikao ambacho dakika 40 za mwanzo ni za kusubiriana.

Tulikubaliana kuandika kwa maneno pamoja na kipindi cha siku: saa tatu asubuhi kwa saa za Dodoma. Ni jambo dogo hadi mtu anaona aibu kulitaja. Tulikubaliana pia kwamba kikao kisicho na ajenda iliyotumwa siku moja kabla hakina akidi, na hilo lilifuta vikao vingi kuliko nilivyotarajia. Mambo yaliyobaki bila kikao tulianza kuyaandika kwenye dokezo sabili, yaani dokezo la karatasi lisilo ndani ya jalada, lenye kuzunguka, kila mtu akaandika maoni yake kwa wakati wake.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye dokezo linalozunguka niwe mwangalifu. Dokezo linakaa kwenye meza ya kila mtu siku mbili, watu sita, siku kumi na mbili. Kikao cha nusu saa kingeliamua asubuhi moja. Mambo yanayohitaji watu kubishana yafanyiwe kikao, na yanayohitaji watu kutoa taarifa tu yaandikwe. Tunafanya kinyume: taarifa tunasomeana kikaoni kwa saa mbili, na ugomvi tunauandika kwenye madokezo.

Mchangiaji wa sita

Nimekubali. Nusu ya madokezo yetu ni ugomvi.

Mchangiaji wa tano

Mleta mada, swali la mwisho kabla sijalala. Yule mama alistaafu? Na kwa vile sasa mifumo mingi ya serikali iko kwenye kompyuta, utaratibu wake wa daftari umebakia au uliondoka naye?

Mleta mada

Alistaafu kwa heshima, tulimchangia kitenge na jiko la gesi. Hati nyingi sasa zinapita kwenye mfumo, na mfumo unakuonyesha zote zinazokusubiri kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, sitini au sabini, kitu ambacho yeye asingekiruhusu mezani. Mfumo hauna rafu ya kuziweka mpaka tarehe yake ifike. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana nafungua orodha nzima, nachagua tano za kuanza nazo Jumatatu, naandika namba zake, na kwa zile zinazosubiri mtu naandika jina la anayesubiriwa na siku nitakayomuuliza. Naandika kwenye daftari la tarehe la yule mama. Aliyepokea masijala alitaka kulitupa, nikaliomba. Kurasa za mwanzo ni za mwandiko wake, kuanzia katikati ni wangu, na ukurasa wa Jumatatu ijayo una namba sita, kwa sababu Ijumaa iliyopita nilidanganya kidogo.